Goti la Mama: Tuyajue Yake Kabla ya Kisu na Baada Yake

Mwenye kuingia misikitini mwetu siku hizi huviona viti vimepangwa kandokando ya ukuta, na kila mwaka safu yake huzidi kurefuka. Upande wa akina mama hali ni hiyo hiyo, na pengine imezidi, kwani maradhi ya kuchakaa goti huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, khasa wakishavuka miaka 50. Mama aliyezoea kuwa wa mwanzo kufika kwenye maulidi na wa mwisho kuondoka matangani huanza kutuma udhuru. Kwanza humshinda ngazi, kisha kupanda matatu, kisha sala ya tarawehe. Watoto wakimuuliza, jibu lake ni moja: "Ni uzee tu, wanangu."

Juma hili tumeona tulizungumze jambo ambalo nyumba nyingi za mwambao zimeanza kulikabili, nalo ni upasuaji wa kutiwa goti la bandia. Maneno yanayozunguka mabarazani juu yake ni mengi. Mmoja husema fulani alipasuliwa akarudi kutembea kama msichana, mwingine husema fulani aliingia na bakora akatoka na kigari cha magurudumu. Yote mawili hutokea, ingawa la kwanza ni jingi zaidi. Lakini baina ya hayo mawili kuna mengi ambayo familia hustahili kuyajua kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Tuanze na neno hilo la uzee. Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawabainishia kwamba kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa isipokuwa moja tu, nalo ni uzee. Wako wanaoishika sehemu ya mwisho ya mafundisho haya wakasema goti la bibi ni uzee, na uzee hauna dawa. Tukitazama vyema tutaona kwamba goti lililochakaa si uzee wenyewe. Wako wazee wa miaka 80 wanaopanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale bila ya kushika ukuta, na wako akina mama wa miaka 50 wasioweza kuinuka kitini bila ya kushikwa mkono. Uzito wa mwili, ajali ya zamani, urithi wa ukoo, kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo, yote haya yana mchango wake. Basi ni maradhi kama maradhi mengine, na yana matibabu. Subira ni fadhila kubwa, lakini si sharti la subira kwamba mtu anyamaze na maumivu yake.

Goti huchakaaje

Katika goti hukutana mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake imekaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, utando mgumu mweupe unaoteleza kama kaure iliyolowa maji. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo sababu likilika haliponi kama inavyopona ngozi iliyokatwa. Likiisha kabisa, mfupa husaga mfupa. Goti huvimba, hulia, hukakamaa mtu anapoamka au anapoketi muda mrefu, na mguu huanza kupinda, mara nyingi mfano wa matege.

Watu wetu huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, na si ajabu, kwani mgonjwa huyahisi kwa namna moja. Lakini daktari huyatenga. Yako maradhi ambayo kinga ya mwili wenyewe hushambulia viungo, aghalabu vya pande zote mbili pamoja na vidole vya mikono, na hayo yana dawa zake mahsusi ambazo hazifai kucheleweshwa. Iko jongo, inayokuja ghafla na kuwaka kama moto. Na uko huu uchakavu tunaouzungumza. Kabla ya kumkubalia mtu yeyote neno la upasuaji, hakikisheni kwamba mgonjwa amepimwa damu na kupigwa picha ya eksirei akiwa amesimama, maana picha ya mtu aliyelala huweza kuficha jinsi mifupa inavyogusana.

Kisu si mlango wa kwanza. Kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi anayofundisha mtaalamu wa tibamaungo hupunguza maumivu kwa wengi, na wako ambao huwatosheleza kwa miaka. Kupunguza uzito kuna faida kuliko mtu anavyodhani: uchunguzi umeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Mama aliyepunguza kilo 5 amelipumzisha goti lake kilo 20 kila akanyagapo chini. Na bakora, ambayo wengi huionea haya, hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, wala si upande wa mguu unaouma. Tumewaona watu wazima wengi wakiishika kinyume miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kiholela dukani tunavihofia zaidi kuliko upasuaji wenyewe. Diklofenaki na jamaa zake, zikimezwa kila siku bila ya usimamizi, huchuna tumbo, hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, na mwambao wetu huu una wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo ambao figo zao tayari zimelemewa. Ipo pia sindano inayopigwa ndani ya goti, na hutuliza kwa majuma au miezi. Ikiwa upasuaji uko njiani, mwambieni daktari tarehe ya sindano ya mwisho, kwani ikikaribiana na upasuaji kwa chini ya miezi mitatu hatari ya kuingia vijidudu huongezeka.

Wakati wa kupasuliwa umefika lini, basi? Si picha peke yake inayoamua. Wapo ambao picha zao zinatisha lakini wanatembea hadi sokoni na kurudi. Tazameni maisha ya mgonjwa: maumivu yanamwamsha usiku, dawa hazimsaidii tena, hawezi kutembea mwendo wa nyumba chache, ameacha yale aliyokuwa akiyapenda. Na hapa kuna jambo ambalo laiti lingejulikana mapema. Goti jipya hukunjika takriban kwa kiasi lilichokuwa likikunjika goti la zamani kabla ya upasuaji. Mwenye kungoja mpaka goti limekauka kama ubao hupewa goti lisilouma, lakini asitaraji likunjike kama la kijana. Kuchelewa sana kuna gharama yake, sawa na kukimbilia.

Yanayofanyika chumba cha upasuaji

Wengi hudhani kwamba goti lote hung'olewa na kutiwa jingine. Sivyo. Mfano wake ulio karibu ni jino linalovikwa kofia. Mpasuaji hukata tabaka jembamba la mfupa uliolika, kiasi cha sentimita moja au pungufu, kisha huivika ncha ya paja kofia ya chuma kilichochanganywa kobalti na kromiamu. Juu ya muundi huweka sahani ya chuma, na baina ya vyuma hivyo viwili huweka plastiki ngumu laini inayochukua kazi ya gegedu. Pengine pia ya goti nayo hutiwa kipande cha plastiki kwa nyuma. Mara nyingi vyote hivyo hugandishwa kwa saruji ya mifupa. Kazi hiyo huchukua saa moja mpaka mbili, na wagonjwa wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, wakawa macho au wamesinzia kidogo, bila ya nusukaputi.

Fikra hii si ya leo. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu magoti ya pembe za ndovu, na vijidudu vikamshinda. Goti tunalolijua sasa lilianza kupata umbo mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, kisha New York katika miaka ya 1970. Leo, kwa hesabu zilizokusanywa katika nchi zenye daftari za wagonjwa hawa, magoti 8 kati ya 10 huwa yangali yakifanya kazi baada ya miaka 25. Kwa mama wa miaka 65, hilo huenda likamtosha umri wake uliobaki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana ndio unaofichwa. Takriban mtu mmoja kati ya watano huwa hakuridhika sawasawa na goti lake jipya, kwa sababu ya maumivu yaliyobaki, ukakamavu, au kwa kuwa alitaraji lisilokuwepo. Mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100 huingiwa na vijidudu ndani ya kiungo, jambo linaloweza kuhitaji upasuaji wa pili. Wapo wanaoganda damu mguuni. Mwenye kisukari kisichotulia, mwenye jino bovu, mwenye kidonda mguuni au maradhi ya mkojo, ajitibu hayo kwanza. Hospitali ikiahirisha upasuaji kwa sababu hizo, familia isikasirike. Imetendewa wema.

Je, nitasujudu tena?

Hili ndilo swali la akina mama wetu, na ndilo ambalo daktari aghalabu halijibu kwa sababu halikuulizwa. Mama huona haya, na daktari hajui uzito wake.

Jibu la kweli ni hili. Goti la bandia kwa kawaida hukunjika baina ya digrii 110 na 125. Kuketi kitini, kupanda ngazi, kuingia garini, yote hayo yanatosha humo. Lakini kikao cha baina ya sijda mbili na kile cha tahiyatu, mtu akikalia mguu wake, huhitaji goti likunjike zaidi ya hapo, karibu mpaka paja ligusane na shavu la mguu. Wachache hufika. Wengi hawafiki. Kupiga goti chini kwenyewe, kidonda kikishapona na daktari akaridhia baada ya miezi kadhaa, si jambo linalovunja kiungo kipya, ila wengi hulihisi vibaya. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, na kwa wengi ganzi hiyo haiondoki yote. Msala mnene husaidia, na mtaalamu wa tibamaungo anaweza kumfundisha mgonjwa jinsi ya kushuka kwa kutanguliza mikono na kuinuka kwa kushika kiti.

Wako wauzaji wanaosifu magoti yaliyoundwa makusudi kwa watu wa Mashariki wanaoketi chini, kwamba hukunja zaidi. Magoti hayo yapo kweli. Lakini yalipolinganishwa na ya kawaida, tofauti iliyopatikana kwa wagonjwa ilikuwa ndogo mno. Familia isikubali kulipa ziada kubwa kwa ahadi hiyo peke yake. Lenye tofauti ya kweli ni goti la nusu, yaani kubadilishwa upande mmoja tu uliolika na kuuacha mwingine. Hilo hukunja vizuri zaidi, ila humfaa yule tu ambaye uchakavu wake umebaki upande mmoja na kano zake ni nzima. Ni swali zuri la kumuuliza daktari.

Na asiyeweza kusujudu? Imran bin Husayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa alielekezwa na Mtume (S.A.W.) asali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Sheria imekwishampokea mgonjwa kabla hajaomba. Lakini ipo nukta moja ambayo wengi wetu tunaoketi vitini huipita. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye uwezo wa kusimama hasamehewi kisimamo kwa sababu tu ameshindwa na sijda. Husimama kwa takbira na kusoma Fatiha, hurukuu kwa kusimama akiweza, kisha huketi kitini na kuinama kwa ajili ya sijda, akiinama zaidi kuliko rukuu. Na baada ya upasuaji wa goti, kisimamo ndicho kinachorejea mapema. Mama aliyekuwa akisali sala nzima juu ya kiti kwa maumivu, anaweza baada ya miezi michache kusimama rakaa zote. Hilo nalo ni la kushukuriwa, hata kama paji la uso halikufika kwenye msala. Majuma ya mwanzo, mguu ukiwa haujatulia na kuna hofu ya kuanguka, aketi bila ya dhiki moyoni, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Udhu hauna tatizo kama inavyodhaniwa. Goti si kiungo cha udhu, kwa hivyo bandeji iliyoko gotini haizuii kitu. Miguu huoshwa mpaka vifundoni tu, na mgonjwa asiyeweza kuifikia anaweza kumiminiwa maji na bintiye. Ni katika josho la wajibu ndipo bandeji huingia katika hukumu, na hapo hukumu ya kupangusa juu yake ina masharti, kwa hivyo aulizwe mwenye ilimu.

Kuhusu sitara, mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike anapovuliwa, anapotiwa mpira wa mkojo na anapooshwa, na kuomba afunikwe sehemu isiyofanyiwa kazi. Ombi hilo hutolewa siku ya kuandikishwa, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mara nyingi hukubaliwa wauguzi wakiwepo. Wasipokuwepo, dharura ina hukumu yake.

Lipo jambo la dawa. Baada ya upasuaji huu mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na mojawapo inayotumiwa sana ni heparini pamoja na jamaa yake enoksaparini, ambazo asili yake ni utumbo wa nguruwe. Wagonjwa wengi hudungwa bila ya kuambiwa, nasi twaona ni haki yao kujua. Badala zipo: vidonge kama rivaroksabani na aspirini, na sindano ya fondaparinuksi isiyotokana na mnyama. Hazimfai kila mtu, khasa mwenye figo dhaifu. Muulizeni daktari siku nyingi kabla. Na pale badala isipofaa au isipopatikana, wanavyuoni wa zama hizi walioitazama dawa hii wameiruhusu kwa dharura. Asiikatae mtu kimyakimya kwa kuitupa au kuruka siku, kwani donge la damu likitoka mguuni likafika mapafuni huua kwa muda mfupi.

Huruma inayodhuru

Mgonjwa husimamishwa siku ile ile au ya pili yake, akishikilia fremu ya kutembelea. Familia hushtuka, wengine huona ni ukatili. Lakini kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda, na goti lisilokunjwa katika majuma ya mwanzo huota makovu ndani na kukauka. Baada ya siku chache hurudi nyumbani, na hapo kazi huhama kutoka kwa daktari kuja kwa binti, wakwe na wajukuu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo magoti mengi hufaulu au kuharibika.

Kosa la kwanza ni mto. Mama akilalamika, wanawe humwekea mto chini ya goti, naye huona raha, kwa kuwa goti lililokunjika kidogo huuma kidogo. Akilala hivyo majuma mawili, goti huzoea na halinyooki tena sawasawa, akawa anachechemea maisha. Mto huwekwa chini ya kisigino, goti likabaki hewani likijinyoosha. Humuuma. Avumilie, na dawa ya maumivu apewe kwa saa zake, nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi.

La pili ni kukanda. Hakuna asiyejua mapenzi yaliyomo katika mkono wa binti anayemkanda mamake kwa mafuta ya moto. Lakini baada ya upasuaji huu mguu haukandwi wala hauchuliwi, khasa shavu la mguu, kwani kama kuna donge la damu huweza kung'oka. Badala ya kitambaa cha moto hutumiwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 mpaka 20, mara kadhaa kwa siku. Hijama nayo, pamoja na heshima yake, isifanywe mguu huo, wala mahali popote mgonjwa angali anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa za miti shamba atajwe nazo daktari kabla ya kunywewa.

La tatu ni wageni. Desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa ni njema na ina thawabu. Lakini tumeona majumba ambamo mama huketi kutoka asubuhi mpaka isha akipokea wageni, mguu ukining'inia na kuvimba, na mazoezi yote matatu ya siku yakapita. Tengeni wakati wa wageni baada ya alasiri, na hao wageni waambiwe bila ya haya kwamba mama sasa anafanya mazoezi.

Nyumba itengenezwe kabla ya yeye kurudi. Mikeka, mazulia madogo na nyaya za umeme ziondolewe njiani. Kitanda kisiwe chini mno. Ikiwa ghorofani ndiko alalako, hamishieni chini kwa majuma ya mwanzo, na akianza ngazi akumbuke kanuni hii: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu uliopasuliwa. Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani. Kinahitajika kiti chenye tundu cha kuwekwa juu yake, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukiunda kwa mbao imara, chenye mikono ya kushikia, na ndoo ya maji iwekwe juu ya stuli ili asiinamie birika. Dera lipunguzwe lifike juu ya vifundo, kwani pindo refu na fremu ya kutembelea havipatani, na kuanguka katika siku hizo ni balaa.

Na mbuzi ya kukunia nazi iwekwe mbali naye. Kikao chake cha chini ndicho kibaya kuliko vyote kwa goti jipya, na mama wa kipwani akijisikia nafuu jambo la kwanza atakalolitamani ni kujikunia nazi yake mwenyewe kwa kuwa ya wakwe haikamuliki vyema. Jiko liinuliwe juu ya meza, unga usukumwe mezani, na chakula aletewe kitini hata kama wengine wameketi mkekani kwenye sinia. Wajukuu wanaweza kumsogezea meza ndogo karibu ili asijione ametengwa.

Nyuzi hutolewa baina ya siku 10 na 14. Kutoka fremu kwenda bakora, kisha kuiacha bakora, huchukua majuma 6 hivi, wengine zaidi. Uvimbe na joto la goti huweza kubaki miezi 3 mpaka 6, na faida kamili huenda isionekane mpaka mwaka ukamilike. Majuma ya pili na ya tatu ndiyo mazito. Mama wengi hulia na kusema wamejuta. Mwambieni tangu mwanzo kwamba siku hizo zitakuja. Lakini homa kali, kidonda kinachotoa maji au usaha, wekundu unaoenea, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kupungua, hayo si ya kungoja asubuhi. Ni kwenda hospitali saa ile ile.

Fedha na uamuzi

Bei hutofautiana sana baina ya hospitali na hospitali, na sehemu kubwa yake ni kipandikizi chenyewe. Takeni hesabu kwa maandishi: kipandikizi, chumba cha upasuaji, daktari wa ganzi, siku za kulazwa, dawa za kwenda nazo nyumbani, na vikao vya tibamaungo, ambavyo mara nyingi husahauliwa katika harambee ya familia na bila yavyo upasuaji ni nusu kazi. Ulizeni mapema bima ya SHA au ya kazini italipa kiasi gani. Wanaokwenda India wahesabu majuma ya kukaa huko, kwani safari ndefu ya ndege katika majuma 6 ya mwanzo huongeza hatari ya damu kuganda, na wahakikishe kuna daktari huku aliyekubali kumwendeleza mgonjwa akirudi.

Na aulizwe mwenyewe. Katika vikao vyetu vya familia tumezoea kuona watoto wa kiume na maami wakiamua, mmoja akitoa fedha, mwingine akitoa rai, na mama yuko chumba cha pili akisikia jina lake likitajwa. Goti ni lake, maumivu ni yake, na mazoezi ya miezi mitatu hakuna atakayemfanyia. Aliyesukumwa kupasuliwa na asiyetaka hafanyi mazoezi. Aingie kwa daktari pamoja na binti au mtu amwaminiye, aulize kuhusu sijda, dawa, sitara na choo, na kauli ya mwisho iwe yake. Akisema bado, ibaki bado.

Ikiwa amenuia Umra au Hijja, upasuaji utangulie safari kwa miezi ya kutosha, na daktari ndiye atakayesema mingapi. Sa'yi peke yake baina ya Safa na Marwa ni takriban kilomita 3 kwa mizunguko yake saba, mbali na tawafu na mwendo wa kutoka hotelini. Viti vya magurudumu vipo kule na vinaruhusiwa kwa mwenye udhuru. Achukue barua ya hospitali mkobani, kwa sababu mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege utalia atakapopita, na aombe mkaguzi wa kike.